Jibini za Lyon: Halles nenda ukaonje, Croix-Rousse nenda na kapu

Nianze na bei, maana ndiyo hoja ya kwanza kila ninapomwambia mtu wa kwetu kwamba nanunua jibini kwa muuza jibini. Kilo ya Comté, jibini ngumu ya gurudumu, kwenye supamaketi ya jirani na kwangu, Villeurbanne, naipata kwa yuro 17 au 18. Soko la Croix-Rousse nalipa kati ya 22 na 28, kutegemea umri wake. Pale Halles de Lyon-Paul Bocuse, soko la ndani la mjini Lyon, Comté iliyokaa ghalani miaka miwili na zaidi nimeikuta imepita 35. Zote ni Comté halali, zote zina ile alama ya AOP, yaani alama ya Ulaya inayolinda jina na asili ya chakula, duara nyekundu na njano. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, zamu za usiku, na mshahara wangu haukupangwa kwa ajili ya jibini ya yuro 35. Hata hivyo kuna siku nailipa bila kunung'unika, na kuna siku nachukua ile ya 17 nikaenda zangu. Inategemea unataka kuipika au kuila hivihivi, na inategemea sana nani anakukatia.

Nimezaliwa Goma. Kwetu ukisema jibini hakuna anayekuuliza ipi: ni ile ya Masisi, duara, njano, laini kiasi, inashuka kutoka milimani kwenye ng'ombe na kuuzwa nzima au kwa vipande. Tulikuwa tunaila asubuhi na mkate na chai, basi. Nilipofika Ufaransa, kabati la jibini lilinichosha kabla sijaonja kitu. Aliyenisukuma nionje ni mama yangu mdogo, anayeishi Brussels na kuja kwangu kila akipata nafasi. Ana kipimo kimoja tu: "Hii inaifikia ya Masisi?" Nitamtaja sana humu, kwa sababu anaonja vizuri kuliko mimi na haoni haya kusema.

Supamaketi niipitie haraka, ila nisiidharau. Ukijua kusoma lebo unatoka na kitu kizuri. Chukua Camembert. Kisanduku kilichoandikwa "Camembert de Normandie" chenye AOP kina jibini ya maziwa mabichi, iliyomiminwa kwenye umbo kwa upawa angalau mara tano, tabaka juu ya tabaka. Kile kilichoandikwa "Camembert" tu, bila AOP, kinakaa rafu hiyohiyo, kina picha ya ng'ombe yuleyule, na mara nyingi maziwa yake yamepashwa moto hadi ladha ikalala. Tofauti ya bei ni ndogo. Ya mdomoni ni kubwa. Kwenye Reblochon angalia kidude cha rangi kilichobandikwa juu ya ganda: cha kijani maana yake imetengenezwa shambani kwa maziwa ya mfugaji mmoja, chekundu maana yake ni ya kiwanda cha maziwa kilichokusanya kwa wafugaji kadhaa. Saint-Nectaire nayo ina mtindo wake: alama ya umbo la yai ni ya shambani, ya mraba ni ya kiwandani. Kama utaichoma kwenye oveni na viazi na vitunguu, chekundu na mraba vinatosha kabisa, usijitie hasara. Kama utaila na mkate, lipa ya shambani.

Sasa Halles. Jengo lenyewe, hapo karibu na kituo cha Part-Dieu, halina uzuri wa kusimulia: saruji na vioo, lilifunguliwa 1971, na mwaka 2006 likapewa jina la mpishi Paul Bocuse. Jumapili asubuhi limejaa watu wanaokula chaza na kunywa divai saa nne, huwezi hata kusogea. Mimi nakwenda katikati ya wiki nikitoka zamu, watu wachache, wauzaji hawajachoka. Hapo ndipo utapata muda wao, na muda wao ndio unaoulipia.

Ukienda mara moja tu katika maisha yako, simama kwenye meza ya Mère Richard uagize Saint-Marcellin. Renée Richard ndiye aliyekuwa akimuuzia Bocuse jibini hiyo kwa ajili ya mgahawa wake wa Collonges, na jina limebaki. Ni jibini ndogo ya maziwa ya ng'ombe, inaanzia gramu 80, asili yake upande wa Isère. Huko kwao wapo wanaoila ikiwa kavu, lakini watu wa Lyon wanaitaka iliyolegea kabisa, ndiyo maana mara nyingi inakaa kwenye kibakuli. Ganda lake jembamba lina mikunjo. Ukilitoboa kwa kijiko, kilicho ndani kinatiririka. Harufu ya zizi kidogo, ladha ya malai yenye uchachu na chumvi, mwisho kidogo kama uyoga. Mama mdogo aliangalia akasema, "Mwanangu, hii si jibini, huu ni mchuzi." Kisha akavunja mkate, na kibakuli hakikuhitaji kuoshwa. Nilipomuuliza kuhusu Masisi akanijibu kwamba hayo ni mambo mawili, nisichanganye. Kwa kinywa chake, hiyo ni sifa kubwa. Yuro nne na senti zake kwa kijibini kimoja. Nalipa.

Kitu cha pili ninachokwenda kufanya Halles ni kuonja Comté kwa mpangilio. Niliomba nionjeshwe ya miezi minane, ya kumi na minane na ya thelathini, moja baada ya nyingine, na yule mama aliyekuwa nyuma ya kioo hakukunja uso. Alikata vijipande vyembamba, akanipa nisubiri kidogo kati ya kimoja na kingine. Ya miezi minane ilikuwa na utamu wa siagi na njugu mbichi. Ya kumi na minane ilikuwa na matunda ndani yake, na supu ya kuku kwa mbali. Ya thelathini ilikuwa na zile chembe ndogo zinazokwaruza jino, ambazo wengi hudhani ni chumvi kumbe ni tairosini, sehemu ya protini iliyoganda jibini inapozeeka. Ilikuwa kali na ndefu. Na kusema kweli haikunifurahisha kama ile ya katikati. Wauzaji wengi wanapandisha bei kwa umri, na wateja wanaamini kwamba miezi mingi ni utamu mwingi. Siamini. Yule mama mwenyewe aliniambia nyumbani kwake anapeleka ya kumi na minane.

Akanionyesha pia rangi. Gurudumu moja lilikuwa njano iliyokolea, jingine karibu jeupe. La njano ni la maziwa ya kiangazi, ng'ombe wakiwa malishoni wanakula majani mabichi. Jeupe ni la majira ya baridi, wakiwa zizini wanakula nyasi kavu. Nyasi zilizovundikwa zimekatazwa kabisa kwa Comté. Ng'ombe karibu wote ni Montbéliarde, wale wa madoa mekundu na meupe, na gurudumu moja la kilo 40 hivi linameza lita 400 za maziwa. Maziwa hayo hayatoki kwa tajiri mmoja: wafugaji wa eneo dogo wanayapeleka kwenye kiwanda chao cha ushirika, wanakiita fruitière, na jibini inakaa miezi isiyopungua minne kabla ya kuuzwa. Kisha kila gurudumu linapewa alama, ya juu kabisa ikiwa 20. Likipata 14 na zaidi linafungwa utepe wa kijani ubavuni, kati ya 12 na 14 utepe wa kahawia, chini ya hapo haliuzwi kwa jina la Comté. Kwa hiyo kabla hujauliza miezi, chungulia ganda: kijani au kahawia? Na usidhani kahawia ni mbaya. Alama nyingine hupotea kwa ufa au umbo tu, na kwa kukuna juu ya makaroni kahawia inafanya kazi yake vizuri.

Hapa niweke onyo moja. Kuna duka mjini, silitaji, ambapo niliomba gramu 200 za Tomme, muuzaji akaweka kisu mahali pa gramu 350, akaniuliza "hivi sawa?" huku kisu kimeshazama nusu. Nikaona aibu kusema hapana mbele ya foleni. Mchezo huo uko kila mahali, na dawa yake ni rahisi: taja pesa, usitaje uzito. "Nikatie ya yuro sita, tafadhali." Hapo kisu kinasogea chenyewe. Na jibini ikishawekwa kwenye mizani, soma namba kabla haijafungwa kwenye karatasi. Mama mdogo anakwenda mbali zaidi, anaweka kidole chake mwenyewe juu ya kioo: "Hapa, baba. Hapo ulipo ni kwa ajili ya harusi."

Kwa kapu la wiki, mimi ni mtu wa Croix-Rousse. Metro C inakupandisha kilimani, unatokea moja kwa moja kwenye bulivadi, na soko limenyooka mbele yako. Wauza jibini wako wa aina mbili, na ukiwatofautisha umemaliza nusu ya kazi. Wapo wachuuzi wenye magari ya friji, wamepanga jibini za Ufaransa nzima. Na wapo wafugaji wenye meza fupi, jibini za aina chache, mara nyingi za mnyama mmoja, mikono yao yenyewe inaonyesha wanakamua. Wa kwanza wana uchaguzi. Wa pili wana majibu.

Mfano ni mama mmoja anayeleta jibini za mbuzi kutoka milima ya Pilat, kusini mwa Lyon. Anauza Rigotte de Condrieu, vijibini vya gramu 30 na kitu, vya maziwa mabichi ya mbuzi, vilivyopata AOC, alama ya Ufaransa inayotangulia AOP, mwaka 2009. Amevipanga kwa umri: vibichi vyeupe, vilivyokauka nusu, na vikavu vyenye ukungu wa bluu. Januari moja nilikuta meza yake karibu tupu. Nikamuuliza, akanijibu bila kuzunguka kwamba mbuzi wake wana mimba, wameacha kutoa maziwa, nirudi masika. Hajaribu kukuuzia kitu kingine ili usiondoke mikono mitupu. Tangu hapo nikikuta mahali jibini ya mbuzi "ya shambani" imejaa tele katikati ya baridi kali, nauliza maswali. Aprili na Mei ndipo Rigotte yake iliyokauka nusu inakuwa na ladha ya njugu na majani. Nakula na nyanya na chumvi kidogo, chakula cha usiku kimekwisha.

Kwake pia nachukua jibini nyeupe laini ya kutengenezea cervelle de canut, chakula cha Lyon kinachobeba jina la wafumaji hariri waliokuwa wakiishi kilimani hapo. Unaipiga kwa uma pamoja na vitunguu vidogo, kitunguu saumu, majani ya viungo, siki na mafuta. Mimi natia na pilipili mbuzi. Jirani yangu Mfaransa aliyeonja alisema si halali kufanya hivyo, akaomba kibakuli kingine.

Kwa wachuuzi nakwenda kutafuta vya milimani na vya ukungu. Beaufort nanunua kipande kidogo sikukuu ikifika, maana haichezi na mfuko. Utaitambua kwa ubavu wake ulioingia ndani, wakati magurudumu mengi ubavu umenyooka au umetoka nje. Ukiona kibao kimeandikwa "chalet d'alpage", hiyo imetengenezwa kiangazi juu ya mita 1,500, kwa maziwa ya kundi moja, mara mbili kwa siku, kila baada ya kukamua. Ina ladha ya maua ambayo Comté haina. Wanaosema Beaufort ni Comté ya matajiri hawajazionja siku moja.

Ukungu wa bluu ulikuwa kazi kwa mama mdogo. "Kwetu hii wanatupia kuku," alisema, kwa Kifaransa, muuzaji asikie. Kijana yule hakukasirika. Hakumpa Roquefort. Alianza na Fourme d'Ambert, ya maziwa ya ng'ombe, ndefu na nyembamba kwa umbo, bluu yake pole na malai yake mengi. Akamwambia, "Mama, hii ndiyo mlango." Tukapeleka nyumbani kipande, na mama mdogo akakipaka ndani ya chapati ya moto iliyotoka kwenye kikaango. Ikayeyuka. Sijawahi kuona mgahawa wowote unaouza kitu hicho, na ni hasara yao. Roquefort tuliifikia wiki zilizofuata: maziwa ya kondoo wa Lacaune, imekomazwa kwenye mapango ya Combalou katika kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon, ambako upepo unaingia kupitia nyufa za mwamba na kuuweka ukungu hai. Ndiyo jibini ya kwanza Ufaransa kulindiwa jina kwa sheria, mwaka 1925. Ina chumvi nyingi. Usiile peke yake. Weka pea iliyoiva, au asali. Mama mdogo bado anasema ya kuku, lakini anaila.

Époisses nimeinunua na kuipenda, ila siibebi tena kwenye metro. Ganda lake la rangi ya chungwa huoshwa kwa marc, pombe kali ya makapi ya zabibu ya Bourgogne, na harufu inapita kwenye karatasi, kwenye mfuko, hadi kwenye koti la anayekaa pembeni yako. Hapo nawaambia pia wasomaji Waislamu, maana jirani yangu Mkomoro aliniuliza na nikaona swali lake ni la maana: mbali na pombe hiyo, jibini nyingi za AOP hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Kwenye lebo inaandikwa "présure". Yeye huuliza kila meza, na wauzaji wa Croix-Rousse humjibu vizuri. Kwa wafugaji wadogo wapo wanaotumia cha mimea, na hao ndio anaonunua kwao.

Kwa wajawazito niseme wazi, kwa kuwa kazini nakutana nao. Binti ya dada yangu alipokuwa na mimba nilimfungia kabati: Camembert, Reblochon, Saint-Marcellin, Rigotte, nyingi hutengenezwa kwa maziwa mabichi, hapana. Bakteria wa Listeria na wenzake hawajali kama jibini ina AOP. Ushauri rasmi wa Ufaransa kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano ni kuziacha jibini za maziwa mabichi, isipokuwa zile ngumu zilizopikwa na kukandamizwa kama Comté, Beaufort na Emmental. Alikula Comté miezi yote, tena kwa furaha, na ile ya utepe wa kahawia tuliimaliza sisi.

Nyumbani, toa jibini kwenye plastiki ukifika. Iache kwenye karatasi ya muuzaji, iweke kwenye droo ya mboga ya friji, na itoe saa moja kabla ya kula. Jibini ya baridi haina ladha, utakuwa umelipa bure. Ganda la Camembert na Saint-Marcellin linaliwa. La Comté kata, tupa au tia kwenye supu ya maharage kisha uliopoe.

Kama unapanga safari, soko la Croix-Rousse ni asubuhi, Jumanne hadi Jumapili. Jumanne ni refu kuliko siku zote kwa sababu wauza nguo na vyombo wanaongezeka, kwa hiyo fika mapema. Kuanzia saa sita na nusu wafugaji wanaanza kufunga, na hapo ndipo utasikia vijibini vitatu kwa bei ya viwili. Mont d'Or, ile iliyozungushiwa gome la mti na kulika kwa kijiko, inauzwa kuanzia tarehe 10 Septemba hadi tarehe 10 Mei tu, kwa hiyo usimsumbue mtu mwezi wa Julai. Na Jumatatu usije kabisa: soko hakuna, na Halles meza nyingi zimefungwa.